Nyumba Juu ya Mti: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Atokaye Kisumu mjini kwa barabara ya Busia huwa na milima ya Riat mkono wake wa kulia na ziwa mkono wa kushoto, na baada ya mwendo usio mrefu hufika Kisian. Hapo njia hugawanyika: moja huelekea Maseno, nyingine hushika Bondo. Ni mahali penye mteremko, mawe, mashamba na miti ya hapa na pale, na chini yake Ghuba ya Winam hung'aa kama sinia. Si ajabu mwenye kipande cha ardhi hapo akafikiri kujenga kijumba cha mbao juu ya mti, ili wageni wake walale penye upepo na kuamka wakilitazama ziwa.

Sisi hatulipingi wazo hilo. Nchi yahitaji wageni, na vijana wa Kisian wahitaji kazi. Tusemalo ni kwamba nyumba ya namna hiyo haina budi kujengwa kwa adabu ya mgeni, kwani mwenyeji hapo ni mti. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija mwenyeji akafa, huo hauwi ugeni tena.

Wapo wanaodhani kuwa nyumba ya mtini ni jambo lililoletwa na Wazungu. Huutaja mfano wa Treetops, katika msitu wa Aberdare upande wa Nyeri, iliyojengwa mwaka 1932 juu ya mugumo, mti ulioheshimiwa sana na Wakikuyu. Humo ndimo alimolala Elizabeth wa Uingereza usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki. Nyumba hiyo iliteketezwa mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, kisha ikajengwa nyingine mwaka 1957.

Lakini mkulima wa pwani alikuwa na dungu lake zamani sana kabla ya hapo. Dungu ni ulingo wa miti ulioinuliwa juu ya shamba, ambapo mtu hukaa kulinda mpunga au mtama usiliwe na ndege, ngedere na nguruwe. Hujengwa kwa miti ya karibu, hufungwa kwa kamba, na msimu ukiisha hubomolewa, shamba likabaki shamba. Anayetaka kujenga Kisian na aanze kwa kulikumbuka dungu kabla ya kununua michoro ya kigeni.

Jambo la kwanza la kulijua ni kuwa mti ni kitu kilicho hai. Hunenepa kila mwaka, na upepo ukivuma huyumba. Chakula chake hupita katika gome la ndani. Kwa hiyo mwenye kuuzungushia waya au mnyororo huunyonga polepole, na mwenye kuupigilia misumari mia huufungulia wadudu na uozo milango mia. Mafundi wa nyumba hizi huko Oregon, Marekani, wamejifunza kutumia bolti nene chache badala ya misumari mingi, kwa kuwa mti huweza kulizunguka na kuliziba jeraha moja safi kuliko vidonda vingi vilivyokaribiana. Tena boriti ikilazwa kati ya miti miwili, hukazwa upande mmoja tu. Upande wa pili huachwa uteleze, maana miti miwili haiyumbi pamoja. Ikikazwa pande zote mbili, siku ya dhoruba ama boriti itavunjika, ama mti utapasuka.

Kwa watu wa pwani somo hili si geni. Mtepe wa Lamu na visiwa vyake haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na kwa hivyo chombo kilijipinda pamoja na wimbi badala ya kushindana nalo. Na katika Ziwa Victoria hili hili, mitumbwi mikubwa ya Buganda na visiwa vya Sese nayo ilikuwa ya kushonwa. Watu wa bahari na watu wa ziwa, pasipo kushauriana, walifikia akili moja.

Pili, mti uchaguliwe kwa kuujua. Upande huo wa ziwa mtu hukuta mkuyu, ambao Wajaluo huuita ng'owo, na mkwaju, ambao wao huuita chwa. Kivuli cha mkuyu ni kipana na humtamanisha kila apitaye, lakini mbao yake ni laini, haifai kubebeshwa mzigo. Kwa mti kama huo ni heri nyumba isimame kwa nguzo zake yenyewe, na shina lipite katikati ya sakafu likiwa huru, na nafasi ya kunenepa iachwe. Nguzo za siala zafaa, kwani watu wa huko wamejengea mti huo vizazi na vizazi kwa sababu mchwa hawauli upesi. Mashimo yachimbwe kwa mkono. Jembe likigonga mzizi mnene, shimo lihamishwe. Saruji isimwagwe juu ya mizizi.

Tatu, na hapa ndipo wengi hupotea, ni hesabu ya mbao. Haifai kuutukuza mkuyu mmoja kwa kuangusha mivule kumi. Watu wa Lamu wayajua matokeo ya ukataji usio na kipimo: mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje, na biashara ya karne nyingi ikakatika. Na ni hao hao wenye fundisho bora. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa kuwa fundi hakuchora chumba kwanza kisha akatafuta mti wa kukienea. Alianza na urefu wa boriti. Kijumba cha Kisian nacho kianze hivyo, nguzo na matawi yaliyopo ndiyo yaamue ukubwa wake.

Nne ni hali ya hewa. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na usiku hugeuka ukashuka kutoka milimani, basi madirisha yawe pande zote mbili. Eneo la ziwa hili ni miongoni mwa yenye radi nyingi duniani. Kwa hiyo usichaguliwe mti mrefu uliosimama peke yake kileleni, na wingu likitanda wageni washuke. Wala asijenge mtu ukingoni kabisa kwa tamaa ya maji. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likaingia katika nyumba za watu, kama lilivyojaa miaka ya mwanzo wa Uhuru. Mafunjo ya ufukweni yaachwe mahali pake, maana ni mazalio ya samaki na huchuja maji.

Tusisahau mbu. Kisian yenyewe ndipo kilipo kituo cha KEMRI kinachochunguza malaria, na katika miaka ya 1990 ilidhihirika kule Asembo, si mbali na hapo, kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa upenyo ulio baina ya ukuta na paa. Upenyo huo uzibwe kwa wavu, hewa ipite na mbu asipite. Majaribio ya vibanda nchini Gambia, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalionyesha kuwa kibanda kikiinuliwa juu, mbu huingia wachache. Walindaji wa dungu huenda walilijua hilo kwa uzoefu.

La mwisho ni jirani. Mazingira si miti na ndege peke yao. Ni watu pia. Nyumba iliyo juu mteremkoni huona ndani ya boma la mwenzio: huona mama anayefua, binti anayechota maji, mzee aliyejipumzisha. Pwani twajua maana ya sitara, na ndiyo sababu nyumba zetu hugeukia ua wake wa ndani. Wajaluo nao wana taratibu zao za boma, nani ajenge wapi na mlango uelekee wapi. Kwa hiyo kabla ya kuinua nguzo, mjenzi awaendee majirani awaulize, na dirisha lielekee ziwani, lisielekee jikoni kwa watu.

Twaonelea kwamba anayepewa ruhusa ya kujenga nyumba ya namna hii aulizwe maswali mawili tu na wenye mamlaka: mbao zake zimetoka wapi, na siku atakapoibomoa kutabaki nini? Mbao zitaoza, hilo halina shaka. Siku hiyo mkuyu uwe ungali umesimama, ndege wakila kuyu, na majirani wakiketi chini yake kama walivyoketi kabla mgeni hajaja.