Hewa Isilipiwe Nauli

Uko uongo mmoja ambao umezoeleka mno katika biashara ya mtandaoni nchini, na kwa kuwa umezoeleka hakuna anayeushangaa tena. Uongo huo ni maneno mawili yanayobandikwa chini ya picha ya kila sufuria, kila kiatu na kila taa inayouzwa kwa simu ya mkononi: "Usafiri bure." Usafiri haujapata kuwa bure tangu enzi za majahazi. Yuko mtu anayeulipia. Asipoulipia mnunuzi anaulipia muuzaji, na muuzaji asiyejua ameulipia kiasi gani anakula mtaji wake mwenyewe huku akidhani anakula faida.

Wauzaji hao si mabwanyenye. Ni vijana waliomaliza vyuo na hawajapata ajira, ni akina mama wanaouzia sebuleni, na, ukweli usifichwe, ni watumishi wa serikali na walimu wanaochukua mkopo wa SACCOS, wakaagiza vyombo kutoka Guangzhou, Yiwu au Dubai, wakavipiga picha na kuvitangaza kwa marafiki wa WhatsApp na Instagram. Biashara ikianguka, sababu zinazotajwa ni zile zile za siku zote: mtaji mdogo, kodi kubwa, ushindani, wateja wasiolipa, na wengine hufika hata kusema jicho la majirani. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema kwamba aliangushwa na sentimita.

Hata hivyo ni sentimita ndizo zinazowaangusha wengi. Mzigo mwepesi haulipiwi baharini kwa uzito wake, bali kwa nafasi unayoichukua melini. Kanuni ya mizigo inayochangiwa katika kontena moja ni kwamba mwenye mzigo hulipa kwa tani moja au kwa mita moja ya ujazo, ambayo Kariakoo huitwa CBM, kwa kufuata ile iliyo kubwa. Mwenye kuagiza nondo na vyuma atalipia uzito. Mwenye kuagiza mito, viatu, ndoo na vyombo vya plastiki atalipia nafasi, pamoja na hewa yote iliyomo ndani ya ndoo hizo.

Sasa itazamwe paleti, ambayo siku hizi husifiwa kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa wa usafirishaji. Paleti si kitu kigeni. Ni chaga ya mbao, ndugu wa ile ambayo kila aliyewahi kuingia katika ghala la chama cha ushirika ameiona chini ya magunia. Katoni zikipangwa juu yake, zikafungwa kwa mikanda na nailoni, zinakuwa furushi moja linaloinuliwa na foklifti kwa dakika chache, badala ya makuli kubeba katoni mojamoja kutwa nzima. Hupunguza mikono inayogusa mzigo, na kwa hiyo hupunguza kuvunjika, kulowa na kuibwa. Kwa vigae, vyombo vya kioo, mashine na betri, chaga haina mbadala wa maana.

Lakini chaga nayo hupanda meli, na nauli yake hailipwi na mwenye kiwanda. Chaga ya kawaida ina urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 1. Ikipangwa katoni mpaka kimo cha mita 1.5, ujazo wake ni mita 1.8. Mbao peke yake, yenye kimo cha sentimita 15 hivi, imekula mita 0.18. Yaani sehemu moja ya kumi ya malipo yote ni ya mbao ambayo ikifika Dar es Salaam itageuzwa kuni au benchi la kukalia. Kwa anayesafirisha vioo, huo ni ulinzi alioununua kwa haki. Kwa anayesafirisha nguo za mtumba au mito ni upotevu, kwa sababu mto haupasuki.

Hasara kubwa zaidi hutokea pale katoni zinapochomoza nje ya chaga. Apatikane mwalimu aliyeagiza masufuria 120, na ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wakala anatoza shilingi 1,000,000 kwa mita moja ya ujazo. Mzigo ukikaa sawasawa ndani ya chaga, atalipa shilingi 1,800,000, sawa na shilingi 15,000 kwa kila sufuria. Akapanga bei yake hivyo, akijiwekea faida ya shilingi 3,000. Kule ghalani vijana wa kupakia hawakujali. Katoni zikachomoza sentimita tano kila upande. Mpimaji hupima pale palipochomoza. Mita 1.3 mara 1.1 mara 1.5 ni mita 2.145, na malipo ni shilingi 2,145,000. Kila sufuria sasa limebeba shilingi 17,875. Faida ya shilingi 3,000 imebaki shilingi 125, na kwa pesa hiyo mwalimu huyo ataongea na mteja kwa simu, atalipa bodaboda, atarudisha mkopo na riba yake, kisha ataandika "Usafiri bure".

Inachoma moyo zaidi mtu akikumbuka kwamba mwalimu huyo huyo asubuhi alisimama mbele ya darasa akafundisha urefu mara upana mara kimo, na aliyekosea akarudishiwa daftari lenye alama nyekundu. Hesabu ile ile, jioni, haikupigwa. Hakumwuliza mwenye kiwanda vipimo vya katoni. Laiti angeuliza, angejua kwamba katoni za sentimita 40 kwa 30 huenea kumi kamili juu ya chaga moja bila kubakiza nafasi, ilhali zile za 45 kwa 35 huingia sita tu, na zaidi ya sehemu moja ya tano ya eneo inabaki wazi. Kumwomba mwenye kiwanda abadili katoni kabla ya kufunga mzigo ni jambo la ujumbe mmoja wa simu.

Wengine huona dawa ni kukodi kontena zima, kwa kuwa jambo hilo lina heshima mbele za watu. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo zipatazo 33. Upana wake wa ndani ni mita 2.35. Chaga mbili za mita 1.2 zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinahitaji mita 2.4, haziingii, zimekosa sentimita tano. Hivyo hugeuzwa moja hivi na nyingine vile, na kontena linameza chaga kumi tu. Kumi mara 1.8 ni mita 18. Mita 15 zilizobaki ni hewa ya China iliyoletwa Tanzania kwa nauli kamili.

Wako mawakala waungwana, na mtu anayeufikisha mzigo salama anastahili ujira wake. Wako pia wale ambao biashara yao hasa si kusafirisha mizigo bali ni kusafirisha ujinga wa wateja. Hawa hutangaza bei ya CBM iliyo ndogo kuliko ya wenzao wote. Mzigo ukishafika, zinaanza kuchomoza ada moja baada ya nyingine: ya ghala la kule, ya karatasi, ya kushusha, ya bandari kavu, ya kutenganisha mizigo. Mita 1.3 zimekuwa 2, kwa maelezo kwamba "mfumo hauruhusu nukta". Mwenye mzigo afanye nini? Vyombo vyake vimefungiwa ghalani na siku za kuhifadhi bure zinahesabika. Atalipa, na ataondoka akishukuru.

Kila mkulima wa viazi na vitunguu katika nchi hii anaifahamu lumbesa. Mlanguzi hushindilia gunia mpaka linaota kichwa cha pili, kisha hulilipia kama gunia moja. Nchi iliikataza lumbesa kwa sheria, viongozi wakaipigia kelele, na mpaka leo inawindwa katika masoko na vizuizi vya barabarani. Kinachotendeka katika baadhi ya maghala ya mizigo ni lumbesa iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu: kule kipimo kilikuzwa ili mkulima alipwe kidogo, huku kinakuzwa ili mchuuzi alipe zaidi. Kwa nini gunia la viazi litafutiwe mizani na kilo zake, na chaga ya mchuuzi ipimwe kwa jicho la kijana mwenye kalamu sikioni? Wakala wa Vipimo upo, sheria ya vipimo ipo, na tepu ya kupimia nayo ni kipimo sawa na mizani.

Wakibanwa, watu hao hukimbilia Bahari ya Shamu. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2023 meli zilishambuliwa huko, nyingi zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na bei za makontena duniani zikapanda mwaka 2024. Lakini mzigo wa kutoka China kuja Dar es Salaam haupiti Bahari ya Shamu. Hukata Bahari ya Hindi. Uliguswa na msukosuko huo kwa sababu meli na makontena yalichelewa katika safari ndefu za Ulaya na kuadimika kwingineko, na sababu ya namna hiyo hupanda na kushuka. Mteja ana haki ya kuuliza bei ya meli ya mwezi huu ni ipi. Inashangaza jinsi habari za vita zinavyofika haraka katika ankara, na jinsi habari za utulivu zinavyopotea njiani.

Liko jambo jingine ambalo watumishi wa umma wangepaswa kulijua kuliko wote. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, kodi ilizungumzwa sana, na ni haki izungumzwe. Lakini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ushuru wa mzigo wa baharini haukokotolewi juu ya bei ya bidhaa peke yake. Hukokotolewa juu ya bei, bima na gharama ya usafiri kwa pamoja. Shilingi 100,000 zilizopotea kwa kulipia hewa, kwa bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25, huzaa ushuru wa shilingi 25,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya shilingi 125,000, nayo ni shilingi 22,500. Hewa ya laki moja imekuwa hewa ya shilingi 147,500. Anayelalamikia kodi huku akilipia hewa anajitoza mwenyewe kabla serikali haijamtoza. Na yule anayejidai kukwepa hesabu hizo kwa kumwachia wakala kila kitu kwa bei moja ya jumla, mara nyingi hana hata karatasi moja ya forodha yenye jina lake. Siku akiulizwa, ataonyesha ujumbe wa simu.

Nguvu ya wachuuzi wadogo imo katika kuunganisha mizigo, wala si katika kuunganisha malalamiko. Ichukuliwe mfano wa watu wawili wa mtaa mmoja. Wa kwanza anauza vipuri vya chuma: nusu mita ya ujazo, kilo 1,500. Atatozwa uzito, yaani vipimo 1.5. Wa pili anauza mito: mita 2 za ujazo, kilo 200. Atatozwa nafasi, yaani vipimo 2. Jumla wanalipa vipimo 3.5. Mizigo hiyo ikiandikwa katika hati moja ya kusafirishia, ujazo wake ni mita 2.5 na uzito wake ni tani 1.7, malipo ni vipimo 2.5. Kipimo kizima kimeokolewa bila kumwomba mtu yeyote punguzo, kwa sababu chuma kimekaa chini na mito imekaa juu. Wakala mjanja anaijua hesabu hiyo vizuri mno. Huichanganya mizigo hiyo mwenyewe, akawatoza wenyewe mmojammoja, na tofauti akaiweka mfukoni. Vyama vya akiba na mikopo vilivyomo katika kila halmashauri vinawakopesha watu hao hao wawili siku moja, kwenye dirisha moja. Visingeshindwa kuwakutanisha, kuandika hati moja na kugawa gharama kwa mkataba ulio wazi. Tatizo moja lazima liangaliwe: mwenzio akikosa karatasi zake, mzigo wote unazuiwa. Kwa hiyo karatasi zikaguliwe kabla ya kupakia, na asiyekamilisha aachwe asubiri kontena linalofuata, hata akiwa mwenyekiti.

Chaga nayo iagizwe kwa maandishi: mbao iliyopashwa moto mpaka kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 na kugongwa mhuri, kama inavyotaka kanuni ya kimataifa ya ISPM 15. Mbao isiyo na mhuri huweza kuzuiwa bandarini, kufukizwa dawa au kuteketezwa, na ankara humfuata mwenye mzigo.

Hayo ni ya wachuuzi. Ya wenye maghala ni machache zaidi na hayahitaji bajeti. Bei itangazwe ikiwa na ada zake zote. Kila mzigo upimwe mara mbili, unapopokelewa kule na unaposhushwa hapa, mbele ya mwenyewe au mtu aliyemtuma. Urefu, upana, kimo na uzito viandikwe katika stakabadhi kwa tarakimu, pamoja na nukta zake, na mpimaji atie sahihi.