Dawa ipo Dodoma, zahanati haina: kompyuta ya bohari inaona nini?

Tukifungua simu kwenye kipindi cha afya, msikilizaji wa pili au wa tatu lazima aulize hili: mmetangaza kwamba bohari ina dawa za kutosha, mbona kwenye zahanati yetu tunaandikiwa karatasi tukanunue duka la dawa? Hewani huwa tunajibu kwa dakika moja kisha tunaenda kwenye matangazo. Hapa nafasi ipo, tujibu vizuri.

Tuanze na Bohari ya Dawa yenyewe, ile tunayoiita MSD. Kwa lugha ya sokoni, MSD ni duka la jumla. Ilianzishwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993, na kazi yake ni kununua dawa na vifaa tiba kwa wingi, kuvitunza na kuvisambaza kwenye vituo vya umma. Wengi wetu hatujui kwamba MSD inauza. Zahanati ina fungu lake, na mzigo unaotoka bohari unakatwa kwenye fungu hilo. Sisi wa Manyoni mzigo wetu unatoka Kanda ya Dodoma.

Sasa fikiria mwenye duka la jumla pale Manyoni mjini. Ana sukari, sabuni, mafuta ya kula, na ana wateja wa rejareja kutoka Kintinku, Nkonko na Sanza. Akiwa na daftari tu, anajua kilichopo dukani kwa kukiangalia kwa macho. Akiweka programu ya kompyuta, kila katoni inayoingia na kutoka inaandikwa, na jioni anajua kilichobaki bila kupanda juu ya magunia. Lakini programu hiyo haimwambii kwamba yule mwenye duka la Sanza ameishiwa sabuni tangu Jumanne. Mpaka mwenye duka apige simu.

Kwenye dawa, simu hiyo ndiyo mfumo unaoitwa eLMIS. Zamani zahanati ilijaza fomu ya karatasi, ikapelekwa wilayani, ikakaa hapo, ikapelekwa mbele. Kuanzia miaka ya 2013 na 2014 taarifa hizo zilianza kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, ambao Tanzania iliuandaa kwa kushirikiana na Zambia. Oda pia zimeongezwa kasi: zahanati iliyokuwa ikipata mzigo kila miezi mitatu sasa inatakiwa kupata kila miezi miwili, maana yake mara sita kwa mwaka.

Maendeleo hayo ni ya kweli, hatuyabezi. Ndani ya ghala kompyuta inasaidia sana. Inajua boksi lipi linaisha muda mwezi ujao ili litoke kwanza, na inajua kanda moja ina ziada wakati nyingine imekaukiwa. Shida inaanza kule mwisho wa barabara, na tutaieleza kwa hesabu ndogo. Ni mfano tu, si takwimu za kituo chochote.

Tuseme zahanati inatumia dozi 60 za amoksilini ya watoto kwa mwezi. Kwa miezi miwili inahitaji 120. Ikapokea 60. Mwezi wa kwanza zikaisha zote, mwezi wa pili hakuna hata moja, na akina mama waliokuja na watoto wanaokohoa wakaandikiwa karatasi. Wakati wa kuagiza umefika. Muuguzi anafungua leja na kusoma: miezi miwili, dozi zilizotoka 60. Anaandika 60.

Kompyuta inagawa 60 kwa miezi miwili, inapata 30 kwa mwezi. Haijui habari ya wale akina mama. Inaona zahanati ndogo yenye matumizi ya dozi 30. Tuchukulie kanuni ni kujaza akiba ya miezi minne: itapendekeza dozi 120. Lakini mahitaji halisi ni 60 kwa mwezi, kwa hiyo akiba sahihi ya miezi minne ingekuwa 240. Hizo 120 zitaisha ndani ya miezi miwili kamili. Gari likichelewa wiki moja, rafu tupu tena. Na safari inayofuata, upungufu huo nao utahesabiwa kama watu hawakuumwa.

Yaani zahanati iliyokosa dawa mwezi uliopita inaonekana kwenye kompyuta kama zahanati isiyohitaji dawa sana.

Waliotengeneza mfumo hawakuwa wajinga, hili walilijua. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika idadi ya siku ambazo dawa haikuwepo. Muuguzi wetu akiandika siku 30 kati ya 60, kompyuta inasahihisha na kurudi kwenye dozi 60 kwa mwezi. Sehemu moja ndogo ya fomu, na tofauti ya dozi 120. Ikiachwa wazi, au ikijazwa sifuri ili kazi iishe, kila kitu kinachofuata kule bohari kinafanyika kwa ufanisi mkubwa juu ya namba ya uongo.

Kabla hatujamlaumu muuguzi, tukumbuke anavyoishi. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu. Mtu huyohuyo anazalisha usiku, anapima watoto asubuhi, anatoa chanjo, anajaza rejista nyingi, halafu ndiye mtunza stoo. Mtandao ukikataa, inabidi apande kilimani au asubiri siku ya kwenda wilayani. Sisi watangazaji wenyewe tunajua mtandao wa huku ulivyo. Mara ngapi tumempoteza msikilizaji katikati ya sentensi.

Lipo pia suala la fedha, na hapa kompyuta haina msaada. Oda inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini fungu la zahanati likiwa dogo inapunguzwa. Sera inasema watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Ni sera nzuri, ila zahanati ambayo wateja wake wengi ni hao haikusanyi kitu. Na Bohari nayo, kama duka lolote la jumla, ikidaiwa na wazalishaji huku yenyewe haijalipwa, inashindwa kununua kwa wakati. Ripoti za CAG zimekuwa zikitaja oda zisizotimizwa pamoja na dawa zilizoisha muda, yote mawili.

Njia ya pembeni ipo. Bohari ikikosa dawa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mmoja aliyeshindanishwa na kupewa mkataba kwa ajili ya mkoa. Utaratibu huo ulianza kwa majirani zetu Dodoma mwaka 2014, ukaenda Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukapelekwa nchi nzima. Unasaidia, lakini kituo kinalipa kwa fedha zake, na lazima kwanza ithibitike kuwa Bohari haina. Hapo tena tunarudi kwenye taarifa sahihi.

Jambo jipya linalotufanya tulizungumze hili sasa ni wafadhili. Sehemu kubwa ya kazi ya kujenga eLMIS na kufundisha watumishi ilisaidiwa na fedha za Marekani kupitia USAID. Shirika hilo lilisimamisha shughuli zake rasmi tarehe 1 Julai 2025. Programu ya kompyuta haifi siku mfadhili anapoondoka. Inakufa taratibu, kishikwambi kikiharibika kisitengenezwe, muuguzi mpya akija asifundishwe. Kwa maoni yetu, bajeti ya kufundisha watunza stoo wa zahanati ni muhimu kuliko ghala jipya, ingawa ghala ndilo linalokatiwa utepe.

Msikilizaji unaweza kufanya nini? Kila zahanati ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kijijini kwenu, na wajumbe hao wanapaswa kushuhudia mzigo wa dawa ukipokelewa. Wengi wanashuhudia maboksi, wanasaini, wanaondoka. Kwenye mkutano wa kijiji ujao usiulize tu "mbona hakuna dawa". Muulize mjumbe wako mambo matatu: mzigo uliopita tuliagiza nini na tukapata nini, fungu letu limebaki kiasi gani, na kwenye fomu ya mwisho, siku ambazo dawa haikuwepo ziliandikwa ngapi.

Ukipata jibu, au ukinyimwa, tupigie siku ya kipindi. Tutamwita mfamasia wa halmashauri studio, naye tutampa zaidi ya dakika moja.