Umetembea Berlin, Umeona Nini?

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea upigwe picha. Nalazimika kuanza hivyo kwa sababu ya jambo lililotukia hivi karibuni hapa Arusha, nyumbani kwa mtumishi mwenzetu mmoja. Sitamtaja jina, maana si yeye peke yake mwenye kosa hili, na huenda wewe unayesoma nawe umo.

Ndugu huyo alikuwa masomoni Ujerumani kwa miezi michache. Mkewe na watoto wao wawili wakamfuata wakati wa likizo, nao wakapata Jumamosi na Jumapili nzima ya kuutembelea mji mkuu wa nchi ile. Waliporudi tulialikwa kutazama picha. Tukaonyeshwa Lango la Brandenburg, mashua za watalii katika mto Spree, watoto wakila aiskrimu, na mwisho mifupa ya mnyama mkubwa mno wa kale iliyosimamishwa katika Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Berlin. Kijana mkubwa, mwanafunzi wa sekondari, akatueleza kwa fahari kwamba mnyama yule ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nikamwuliza: "Alitoka wapi, mwanangu?" Akanijibu: "Berlin." Baba yake hakumsahihisha.

Ndugu msomaji, mnyama yule alitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani waliwatumia mamia ya vibarua wa nchi hii kuichimbua mifupa ile, na msimamizi wa vibarua hao alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Kisha wapagazi wakaichukua vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa namna hiyo. Leo mtoto wa Kitanzania anasimama mbele ya jasho la babu zake, amelipiwa kiingilio, naye anarudi nyumbani akiamini kwamba amekwenda kustaajabia mali ya watu wengine! Hiyo siyo safari ya kujifunza, ni kasumba iliyokatiwa tiketi ya ndege.

Tena si mifupa tu. Pale kwenye Lango la Brandenburg walipopigwa picha, ukishika mtaa wa Wilhelmstraße na kutembea kidogo kwa miguu, unafika mahali palipokuwa na jumba la Bismarck. Humo ndimo wakubwa wa Ulaya walimokutana kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuwekeana masharti ya kuinyakua Afrika, bila Mwafrika hata mmoja kualikwa. Walimu wenzangu, mkutano huo tunaufundisha kila mwaka. Mtoto anakariri tarehe, anapewa alama ya vema, basi. Huyu wetu alipita jirani kabisa na mahali penyewe, na hakujua.

Hakujua pia kwamba katika wilaya ya Neukölln uko mtaa uliokuwa ukiitwa kwa jina la Wissmann, gavana wa kikoloni aliyeitawala nchi hii kwa bunduki, na kwamba tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy Lameck, kwa heshima ya mama yetu wa Moshi, mpigania uhuru wa TANU. Mwaka 2024, mtaa mwingine uliobeba jina la Peters ulivuliwa jina hilo, na sehemu yake moja ikaitwa Maji Maji. Mabadiliko hayo hayakuletwa na watalii. Yaliletwa na watu waliokaa Berlin wakidai kwa miaka mingi, wengi wao wenye asili ya Afrika. Wao wamezikumbuka habari zetu wakiwa huko. Sisi tunakwenda huko na kuzisahau zetu na zao.

Nilipomwuliza ndugu yangu kama watoto wake wamewahi kuingia Boma la Arusha, alicheka. Alidhani natania. Boma hilo li mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, na watoto hulipita mara kwa mara. Wajerumani walilijenga mwaka 1900. Baada ya Uhuru likawa makao ya ofisi za mkoa, hata baadhi ya watumishi wastaafu wanaosoma gazeti hili walifanya kazi humo, mpaka lilipogeuzwa kuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe katika miaka ya 1980. (Nikiri hapa kwamba mimi nami nilikaa mjini humu miaka mingi kabla ya kuvuka mlango wake. Aibu hii naieleza nikiwa mmoja wa wenye aibu.)

Kuta zile zina habari nzito. Mwaka 1896, wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwaua wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliokuwa wamepiga hema upande wa Meru. Jeshi la Kijerumani likaja kulipiza kisasi, likachoma, likaua, likaswaga ng'ombe. Miaka minne baadaye, tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 kwa siku moja. Mangi Meli alikuwamo. Lobulu wa Meru, wa ukoo wa Kaaya, naye alikuwamo. Vichwa vya baadhi ya watu wetu wa zama hizo vilikatwa na kusafirishwa Ulaya ili wale walioitwa wataalamu wavipime.

Vilikwenda wapi? Vilikwenda Berlin. Katika ghala za makumbusho za mji ule yamechunguzwa mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki, mengi kutoka Rwanda, na takribani 200 yalionekana kutoka Tanzania. Mwezi Septemba 2023 ilitangazwa kwamba mafuvu matatu ya watu wa Kilimanjaro yamelinganishwa kwa vipimo vya vinasaba na jamaa walio hai, na yakaoana. Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Msamaha ni jambo jema. Lakini mwaka 2024 ilipoonyeshwa filamu iitwayo Das leere Grab, maana yake kaburi tupu, ukoo wa Lobulu hapa Meru ulionekana humo ukiwa bado unamtafuta mzee wao ili umzike.

Basi wapo watakaosema: "Mwalimu, hayo yamepita. Watoto walikwenda kufurahi, kwa nini uwaharibie?" Yamepita kwa nani? Ukoo ambao haujazika haujapitiwa na jambo. Wala sisemi watoto wasipande mashua wala wasile aiskrimu. Mtoto ni mtoto. Ninalolikataa ni mzazi msomi, anayelipwa mshahara kwa fedha ya wananchi, kumpeleka mwanawe jirani kabisa na mafuvu ya wazee wetu na kumrudisha mtupu.

Wapo pia watakaosema kwamba kutembelea makumbusho na hifadhi za hapa nchini ni anasa ya wazungu. Hoja hii inanichosha, kwa kuwa mara nyingi naisikia kutoka kwa watu wanaomudu gharama nyingine nyingi za starehe mwisho wa juma. Kiingilio cha mwananchi hulipwa kwa shilingi, na ni kidogo mno kikilinganishwa na dola anazotozwa mgeni. Kinachopungua ni nia.

Na nia ikiwapo, Jumamosi moja yatosha. Asubuhi Boma. Kisha shuka Barabara ya Makongoro hadi penye Mnara wa Mwenge, uingie Makumbusho ya Azimio, jumba ambalo humo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967. Jumapili, baada ya ibada, panda gari la Usa River, ushike njia ya Ngarenanyuki inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watoto watawaona twiga na mbega, na maziwa ya Momela, na Mlima Meru mrefu wa mita zaidi ya 4,500. Wakiisha kufurahi, waambie kwamba huko mbele, Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000, nyumba zao zikateketezwa, ili ardhi ipewe walowezi. Waambie kwamba Kirilo Japhet alitoka chini ya mlima huu akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kufika huko. Kura za kutosha hakuzipata. Ila dunia ilimsikia, na Tanganyika nzima ikajua kuwa inawezekana kwenda kudai.

Mtoto aliyesikia hayo mpeleke Berlin ukipenda. Ataulizia njia mwenyewe.

Kwa hiyo nasema kwa idara zinazowatuma watumishi na walimu masomoni Ujerumani: pamoja na posho na tiketi, wapeni siku moja ya kukaa Boma na kuelezwa. Na ndugu atakayefika Berlin na familia yake mwisho wa juma, kabla ya kushuka mtoni, aende kwenye ofisi za makumbusho yanayohifadhi mafuvu yale, aandike jina lake na la mkoa wake, aulize: Lobulu wa Meru yuko wapi? Aulize kwa sauti, watoto wake wakisikia.