Pesa za uzeeni zipite Kariobangi pia

Ukishuka Kariobangi Light Industries asubuhi, masikio yatakuambia uko wapi kabla ya macho. Kuna mafundi pale ambao wakiitazama mashine ya kutoka Uchina mara moja tu, wiki ijayo wana yao. Waulize mbona hawatengenezi mia. Jibu unalijua: mtaji, bosi.

Sasa mtazame ndugu yako aliyeajiriwa Industrial Area. Kila mwezi anakatwa mchango wa NSSF wa asilimia 6, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ukijumlisha na mifuko ya waajiri, akiba ya uzeeni nchini imepita Sh2 trilioni. Karibu nusu yake imekopeshwa serikali kupitia hatifungani. Sheria inaruhusu mfuko kuweka hadi asilimia 10 kwenye hisa za kampuni ambazo haziko sokoni, zikiwemo changa. Kinachowekwa huko ni kiduchu mno.

Utaniambia si kuna Hustler Fund? Ipo, tangu Novemba 2022, na mkopo wake unaanzia Sh500. Hiyo ni pesa ya kuongeza stoki ya sukuma wiki. Karakana inahitaji mtu wa kununua hisa, asubiri miaka saba au minane bila kudai riba, na ikianguka aanguke nayo.

Na zitaanguka, tusidanganyane. Safaricom ilianzisha hazina yake ya Spark mwaka 2014 kusaidia kampuni changa. Mojawapo ilikuwa Sendy, ile ya kusafirisha mizigo, ambayo ilifunga shughuli zake 2023. Mama wa Umoja anayekaribia kustaafu ana haki ya kuogopa. Lakini hakuna anayesema pesa zake zote ziende huko. Asilimia 1 tu ya hizo trilioni 2 ni Sh20 bilioni. Zigawanywe kwa kampuni nyingi, zisimamiwe na watu wanaoijua kazi hiyo, na mkataba useme wazi kwamba Westlands na Kilimani si Nairobi yote.

(Nasi tuache hii tabia ya kuweka hesabu kichwani. Hakuna mwekezaji atakayenunua hisa za biashara ambayo daftari lake ni M-Pesa ya mwenye biashara, iliyochanganyika na kodi ya nyumba na pesa za chama.)

Kuna mlango ambao wengi hatuugusi. Mifuko ya waajiri huwa na wadhamini, na baadhi yao huchaguliwa na wanachama wenyewe. Pia kuna mkutano wa kila mwaka, ambao wengi wetu huufuata kwa sababu ya chakula. Kama uko kazini, mwaka huu kula, sawa, lakini kabla ya sahani kufika inua mkono uulize: ile asilimia 10, sisi tumeitumia kiasi gani, na wapi?