Goma: Nusu ya nyumba iko giza, na lawama zinamwangukia aliyekimbia vita

Katika mitaa mingi ya mji wa Goma, jambo hili limekuwa la kawaida. Jioni ikifika, sebule ina mwanga na televizheni inasema, lakini vyumba vya nyuma viko giza. Kabla mtu hajafungua kisanduku cha umeme kilicho ukutani, hukumu imekwisha tolewa: mwenye kosa ni familia iliyokimbia vita, ile iliyopewa chumba cha nyuma. Inasemwa kwamba resho yao ndiyo imekula umeme. Wakiwa na bahati, wananyang'anywa resho. Wakikosa bahati, wanaambiwa watafute pahali pengine.

Hukumu hiyo si ya haki. Tena ni ya hatari, kwa sababu inaacha kosa lenyewe likiendelea kuwaka polepole ndani ya ukuta wa mbao.

Tangu kambi zilizouzunguka mji zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, familia nyingi ambazo hazikuweza kurudi vijijini zimebaki kwa ndugu, kwa marafiki ao katika vyumba vya kupanga. Nyumba iliyojengwa kwa watu sita sasa inalaza kumi na tano. Makala ni ghali, kwa hiyo wengi wanapika na umeme. Watu wameongezeka, masufuria yameongezeka, lakini waya iliyo ndani ya dari imebaki ileile. Hapo ndipo uchunguzi ungepaswa kuanza.

Jambo la kwanza la kuuliza ni rahisi: je, jirani naye amekosa umeme? Umeme wa Matebe ao wa Ruzizi ukikatika, haukatiki kwa chumba. Unakatika kwa avenyu, kwa mtaa, mara nyingine kwa mji mzima, kama ilivyokuwa mwezi wa kwanza 2025 wakati vita vilipoingia Goma na wakaaji wakabaki siku kadhaa bila umeme wala maji. Kwa hiyo mtu anayeona sebule yake ina mwanga na chumba chake kiko giza, halafu anaanza kulaumu mtambo wa mbali, amekosea njia.

Jambo la pili ni kuhesabu nyaya zinazotoka potoni. Nyumba nyingi zinapokea nyaya mbili tu: moja ni fazi, inayoleta umeme, na nyingine ni nyutri, inayourudisha. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kupoteza nusu ya umeme kwa sababu ya poto. Fazi ikikatika nje, nyumba nzima inazimika. Nyutri ikikatika nje, nyumba nzima inazimika vilevile. Basi nusu ikibaki na mwanga, kosa liko ndani ya nyumba. Ni neno ambalo wenye nyumba wengi hawapendi kusikia, maana kilicho ndani ya nyumba ni mzigo wao.

Nyumba yenye nyaya nne ni jambo lingine. Hiyo inapokea fazi tatu, na kila fazi inalisha sehemu yake. Fazi moja ikianguka, sehemu moja inakuwa giza na nyingine zinaendelea. Hapo tazama avenyu: kama nyumba moja moja kati ya majirani nazo ziko giza, fazi imepotea nje, na ni kampuni inayouza umeme inayopaswa kuja. Hakuna mwingine.

Lakini ni nani anayengoja kampuni? Mtaani kuna vijana wanaoitwa mafundi, na dawa yao ni moja tu: kugeuza fazi. Wanapanda poto na koleo bila glovu, wanatoa waya kwenye fazi iliyokufa, wanaitia kwenye fazi iliyo hai. Nyumba inawaka, watu wanapiga makofi, fundi analipwa. Kesho yake jirani naye anamwita fundi yuleyule. Kesho kutwa, mzigo wa fazi mbili unabebwa na fazi moja, fyuzi ya transfoma inaungua, na sehemu kubwa ya avenyu inalala giza. Na fazi iliyoonekana kufa inaweza kurudi wakati wowote, kijana akiwa angali juu. Kazi ya namna hiyo haistahili kuitwa ufundi. Kampuni nayo inayochelewa kuja isijitie usafi: kila siku inayopita bila jibu inampandisha kijana mwingine juu ya poto.

Turudi ndani, kwa kuwa huko ndiko makosa mengi yanakopatikana. Katika kisanduku kuna swichi ndogo za kukata umeme, zile zinazoitwa dijonkteri. Moja ikishuka, sehemu yake ya nyumba inazimika. Kuishusha ni kazi yake: imeona mzigo umezidi ao nyaya zimegusana, ikakata ili nyumba isiungue. Haikuharibika. Imelinda watoto waliolala.

Kinachofaa kufanywa hakihitaji masomo marefu. Vyombo vyote vya sehemu ile vichomolewe katika prizi, na ampuli zizimwe. Dijonkteri ipandishwe mara moja tu, kwa mkono mkavu. Ikianguka palepale wakati hakuna kitu kilichochomekwa, kosa liko katika waya yenyewe. Iachwe chini mpaka fundi wa kweli afike. Ikisimama, vyombo vichomekwe kimoja baada ya kingine. Kile kitakachoiangusha ndicho chenye kosa. Mara nyingi itakuwa pasi yenye waya iliyochubuka ao ralonji iliyoyeyuka chini ya kitanda. Mara nyingine hakuna chombo kibovu hata kimoja. Ni wingi wao tu.

Hesabu ya wingi huo haina siri. Waya nyembamba ya ampuli, ile ya milimita 1.5, inalindwa kwa kawaida na dijonkteri ya ampea 10. Kwa volti 220, hiyo ni wati 2,200. Resho moja ya wati 1,000 na pasi moja ya wati 1,000 zimekwisha kuijaza. Resho ya jirani wa chumba cha pili inaiangusha. Kwa hiyo kosa si la mama aliyetoka Masisi ao Rutshuru na anayepikia watoto maharagwe. Kosa ni la yule aliyepangisha milango minne juu ya waya moja ya taa, akapokea garanti ya milango minne, na hakununua hata mita moja ya waya mpya.

Hapa ndipo unapoonekana uovu mkubwa kuliko yote. Mwenye nyumba akichoka kupandisha dijonkteri kila jioni, anaitoa na kutia kubwa zaidi. Ya ampea 10 inaondoka, ya 32 inaingia. Wengine wanakunja kipande cha waya na kukitia pahali pa fyuzi. Tangu siku hiyo hakuna kinachoanguka tena, na wapangaji wanamshukuru. Lakini waya ndani ya dari haikubadilika. Inapata moto kila jioni, plastiki yake inalainika, na juu yake kuna mbao kavu na mabati. Mlinzi amefukuzwa kwa sababu alikuwa anapiga kelele.

Kuna wakati dijonkteri iko juu, lakini chumba kiko giza. Hapo kuna kiungo kilichoachia: nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa skochi, ao skrubu ya prizi iliyolegea. Dalili zake ni harufu ya plastiki inayoungua, prizi yenye weusi, ukuta wenye joto, ampuli inayowaka na kuzimika mlango ukifungwa kwa nguvu. Anayeona moja ya hizo azime dijonkteri kubwa, bila kungoja sinema iishe.

Dalili nyingine inadanganya hata wanaojiita wajuzi. Testeri inawaka kwenye prizi, lakini ampuli haiwaki. Fundi wa barabarani anasema umeme upo, ampuli ndiyo imekufa. Mara nyingi nyutri ndiyo imekatika. Umeme unafika, haupati njia ya kurudi, na unamngoja mtu aupe njia kwa mwili wake.

Na katika nyumba ya fazi tatu, nyutri ikikatika, chumba kimoja kinawaka kupita kiasi na kingine kinafifia. Kati ya fazi na fazi kuna volti 380, na televizheni ya volti 220 haiwezi kuzibeba. Hapo ni kuzima yote kwanza, maswali baadaye.

Wenye nyumba wana jibu lao: pesa hakuna, na fundi aliyesoma ni ghali. Ni kweli maisha ni magumu kwa wote, hata kwa mwenye nyumba. Lakini pesa ya dijonkteri haiwezi kulinganishwa na pesa ya kujenga upya. Tena katika nyumba za mbao zilizobanana, moto hauulizi mpaka wa kiwanja. Ubahili wa mmoja unalipwa na majirani kumi. Kama pesa ni kidogo, mwenye nyumba na wapangaji wakae pamoja: wapangaji wanunue waya na dijonkteri, gharama ikatwe kwenye kodi, na jambo hilo liandikwe kwenye karatasi mbele ya mkubwa wa avenyu.

Kwa Goma kuna sababu nyingine ya kutongoja. Mitaa mingi imekaa juu ya mawe ya volkano, mengine ya mlipuko wa Nyiragongo wa mwezi wa kwanza 2002. Chuma cha kupeleka umeme wa hatari ardhini hakiingii kwa urahisi katika jiwe hilo, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Wajenzi wengi wanakiacha tu. Waya ikichubuka kwenye bati, ukuta mzima unakuwa na umeme, na mtoto anayerudi na ndoo ya maji ndiye wa kwanza kuujua. Ndiyo maana nyumba yenye watu wengi inahitaji dijonkteri yenye kitufe cha kupimia, ile ya miliampea 30, inayokata umeme unapopita katika mwili wa mtu.

Familia zilizohama nazo zina sehemu yao: kutochomeka resho mbili kwenye ralonji moja, kupanga zamu za kupika, kusema mapema prizi ikipata joto bila kuogopa kufukuzwa. Lakini woga huo hautaondoka mpaka mwenye nyumba aache kutafuta mkosaji kati ya wageni wake. Anayefukuzwa kwa kusema prizi inanuka amefundisha wengine kumi kunyamaza.

Wakubwa wa avenyu wanajua kila nyumba na kila mlango uliopangishwa. Wanapokuja kuandika majina ya wageni, wafungue na kisanduku cha umeme. Wakikuta kipande cha waya pahali pa fyuzi, waamuru kitolewe siku ileile. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina, na nyumba inayofuata kuungua haitakuwa imekosa onyo.