Kukariri majibu hakumfikishi mtu Muhimbili

Hoja iliyochapishwa kwamba anayetaka udaktari akusanye mitihani ya Baraza la Mitihani (NECTA) ya miaka iliyopita, akariri majibu na kukesha mwezi wa mwisho, inawapotosha vijana, kuanzia Manda ufukweni mwa Ziwa Nyasa hadi Njombe na Makambako.

Tanzania haina mtihani wa pekee wa kuingilia udaktari. Kwa wahitimu wa kidato cha sita, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS) huangalia ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na kila somo kati ya hayo lina mtihani wa vitendo. Nani atakariri namna rangi inavyogeuka tone la mwisho linapodondoka kutoka kwenye bureti? Mkono huzoezwa maabara, tangu kidato cha tano.

Mitihani iliyopita inafaa kwa kujipima daftari likiwa limefungwa. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba, baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima walikumbuka asilimia 56 ya walichosoma. Waliorudia kusoma tu, asilimia 42. Lakini baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele, na hapo ndipo wakeshaji wanapodanganyika.

Basi, badala ya majibu ya kukariri, la kumdaia mtoto wa Manda ni kemikali za kutosha na mwalimu wa maabara.