Kivunjo si Adui wa Kiswahili

Kila mwaka ifikapo Desemba, mabasi hupanda Kirua Vunjo yakiwa yamejaa wana wa Wachagga warudio kula sikukuu kwao. Bibi akimsemesha mjukuu kwa Kivunjo, mjukuu humtazama mamaye ampe tafsiri. Wako wazazi wanaolihesabu jambo hilo kuwa maendeleo. Hiyo ni kasumba.

Hapana budi ieleweke wazi kwamba Kiswahili ndicho kilicholiunganisha Taifa hili, na mtu apelekaye lugha ya kabila lake ofisini ili awabague wananchi wenzake anastahili kulaaniwa. Lakini tangu lini Kiswahili kikaagiza bibi na mjukuu wawe mabubu? Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilihimiza lugha za jamii ziandikwe, zitafitiwe na kutungiwa kamusi. Kiswahili chenyewe kimechota humo: ikulu, bunge na kitivo yalitoka katika lugha za makabila, sembuse mtori na mbege.

Kinachopotea si maneno matupu. Mfongo hutafsiriwa mfereji, lakini hata mtaro wa maji machafu mjini ni mfereji. Mfongo ni maji pamoja na zamu zake, na kazi ya jamii nzima ya kuuzibua. Isale nalo ni jani tu kwa asiyejua. Kwa Mchagga hutenga mpaka wa kihamba, na mkosaji akimpelekea aliyemkosea, huwa ameomba msamaha ambao ni vigumu kuukataa.

Mafundisho ya jando la Wachagga yalikusanywa na mmisionari Bruno Gutmann wa Old Moshi katika vitabu vitatu, kati ya 1932 na 1938, vikachapwa Ujerumani pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Je, mjukuu ajifunze Kijerumani ndipo ajue babu zake waliusiwa nini? Mangi Petro Itosi Marealle alitenda vema zaidi alipoandika kwa Kiswahili kitabu chake cha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera.

Wamaori wa New Zealand walipoona lugha yao inakufa, mwaka 1982 walianzisha shule za watoto wachanga waziitazo viota vya lugha, wazee wakawa walezi; mwaka 1987 sheria ikaifanya lugha rasmi. Kirua haihitaji sheria. Bibi yupo, mtoto yupo, likizo ipo. Vijana wasomi na wachukue daftari, waanze na majina ya mifongo, kwani wazee waliosimamia zamu za maji wangali wapo vihambani.